Aya Inayonihusu katika Hotuba ya Ukatili wa Gemu

Kwako Mwalimu wa Darasa,

Pokea salamu zangu za heshima, na natumaini zinakukuta na afya njema, chaki ya kutosha na subira iliyobaki. Mimi ni mama wa yule binti anayekaa dawati la karibu na dirisha, uliyemwandikia kwenye ripoti kwamba "ana akili lakini sauti haitoki", na ambaye wenzake wamempachika jina la Mteja, kwa sababu ukimpigia hapatikani. Kazi yangu ni udobi. Nafulia nyuma ya nyumba na napigia pasi sebuleni, na ndipo ninapoandikia barua hii, juu ya meza ya pasi. Ukiona mstari umepanda kilima, ujue chini yake kuna kola ya shati la mtu.

KUH: MALALAMIKO JUU YA HOTUBA YA "UKATILI KATIKA GEMU ZA VIDEO", NA OMBI LA KUBADILISHWA MADA KABLA YA SIKU YA WAZAZI

Mwalimu, sina ugomvi na wewe. Naijua kazi ya kulea, na wewe unalea darasa zima bila hata kupewa shuka la kujifunika uso unapochoka. Lakini mada hii uliyompa binti yangu imeingia nyumbani kwangu kama mgeni wa siku moja, na sasa imeshajua tunapoficha sukari. Naomba unisikilize. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili usiseme nimeandika kwa hasira. Mtu mwenye hasira hahesabu.

1. Mada alipewa mtoto, kazi nikapewa mimi.

Uliandika: "Mzazi amsaidie mwanafunzi kufanya utafiti nyumbani." Mwalimu, nyumbani kwetu hapakuwa na gemu. Ukatili pekee uliokuwa kwenye runinga yetu ni sisi kuipiga makofi mgongoni ili picha irudi. Ikabidi nimwendee mdogo wangu wa kiume, yaani mjomba wake, kuazima mashine. Huyu ni mtu asiyeazimisha hata kitana. Lakini niliposema nataka gemu ya mapigano alinikumbatia mlangoni: "Dada! Hatimaye umeamua kuishi!" Akaja mwenyewe, akachomeka nyaya, akanikabidhi kishikio chenye vitufe vingi kuliko vifungo vya koti la harusi, akaondoka kabla sijauliza kipi ni cha kutembea.

Nilimwambia binti yangu kwa sauti ya kitaalamu kabisa, "Mwanangu, mtafiti hasemi asichokiona. Mama atacheza kidogo tu ili tuone huo ukatili ukoje." Nakiri kwamba kile "kidogo tu" hakijaisha mpaka leo.

2. Gemu yenyewe ni katili, ila anayeteseka ni mchezaji.

Nilipewa mtu wa kumwongoza. Jamaa ana koti la ngozi, mabega kama kabati la milango miwili. Kazi yake ni kuingia kwenye ghala na kuwatoa watu waliofungiwa na majambazi. Chini ya uongozi wangu, mtu huyo alitembea kwa kujisugua ukutani kama mbuzi mwenye kupe. Majambazi wakija, mimi nabonyeza kitufe cha kupiga, yeye anachuchumaa. Nikibonyeza cha kukimbia, anaruka. Mara moja nilifanikiwa kumwingiza kwenye nyumba ya watu, na humo ndani kulikuwa na mapazia marefu meupe. Nilisimama kuyaangalia kama yamepigwa pasi kwa mvuke au kwa chuma. Nikapigwa rungu kwa nyuma.

Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, tunaishi naye. Alikuwa akichambua mchele pembeni, akaniangalia kwa muda, akasema, "Mkwe, mbona huyo mtu wako anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia? Hebu lete." Mwalimu, mama mkwe wangu hajawahi kuchinja hata kuku, akitaka kula kuku anaita jirani. Lakini alipokishika kile kishikio, alimwambia kila jambazi, "Samahani mwanangu," kisha akamlaza chini. Samahani mwanangu, chini. Samahani baba, chini. Alivuka ghala zima kwa adabu ya namna hiyo, akanirudishia kishikio akarudi kwenye mchele wake. Tangu siku hiyo, nikimwambia chumvi imezidi, namwangalia mikono.

3. Maelekezo yako hayakutenganisha gemu na mchezaji.

Hapa ndipo penye jeraha, kwa hiyo soma polepole. Ulimwagiza mwanafunzi asikilize gemu ikichezwa, na ashike kila neno la ukatili atakalolisikia, ili alitumie kama mfano. Binti yangu akilinasa neno kwa sikio, haliachii. Hasemi, lakini hakuna linalompita. Akaketi kwenye kigoda karibu na runinga, magoti pamoja, akasikiliza.

Sasa fikiria, Mwalimu. Watu wa gemu ile wanasema lugha ya kwao, sisi hatuijui. Isitoshe, spika ya runinga yetu imekwama, kila mtu anasikika kama anakohoa. Maneno pekee yaliyokuwa yakieleweka sebuleni yalikuwa yangu.

Nami sikuwa nimenyamaza. Kwa faida ya utafiti nakunukulia machache, ili usikie kwangu kabla hujasikia jukwaani: "Leo utanitambua." "Njoo hapa nikukamue kama shuka!" "Nitakukung'uta mpaka mababu zako watoe vumbi." "We subiri, nitakupiga pasi na suruali ukiwa ndani!"

Binti yangu aliniuliza, kwa ile sauti yake ya kunong'ona, "Mama, hilo ni la gemu au ni la kwako?" Na mimi, jambazi likiwa mbele yangu, nikamjibu bila kugeuka, "Wewe weka tu! La nani si muhimu!"

Ndilo kosa langu pekee katika barua hii, na nimelitaja ili ujue mimi ni mtu wa haki. Kwa sababu mtoto alinitii, Mwalimu. Alipoambiwa la nani si muhimu, aliweka yote. Akaweka na ya siku nyingine, ya asubuhi wakati wa kutafuta soksi, ya jioni wakati wa kumaliza chakula, ya siku aliyomwaga maji ya bluu kwenye mashati ya mteja. Nilidhani maneno yale yanapita kama mvuke wa pasi. Kumbe kulikuwa na mtu anayeyakunja na kuyapanga.

4. Hotuba yenyewe.

Alitusomea juzi, mimi na bibi yake. Alianza vizuri. "Ndugu wazazi, walimu na wanafunzi wenzangu." Akaeleza gemu ni nini. Akaeleza ukatili ni nini. Bibi akapiga makofi mapema. Kisha akafika kwenye aya ninayoilalamikia, ambayo nainakili hapa ilivyo, ingawa mkono wangu haupendi:

"Nilichunguza nyumbani. Watu wa gemu wanapigana, lakini hawasemi na mimi. Mama yangu hapigi mtu, lakini anasema na mimi. Anasema atanikamua, atanivunja miguu, atanichuna ngozi. Najua hatafanya. Lakini nikishaambiwa hivyo, huwa natembea kwa kupitia ukutani mpaka nifike chumbani."

Bibi akasema, "Hee." Kisha akainama kwenye sinia la mchele, akaanza kutafuta mawe ambayo alikuwa ameshayatoa.

Mimi nilicheka, Mwalimu. Ndicho nilichofanya. Nilicheka kile kicheko cha mtu aliyeteleza sokoni anayetaka watu waone kwamba alikusudia kukaa chini.

5. Kwa hiyo natoa utetezi.

Kwanza kabisa, maneno yale si ukatili. Ni lugha ya kuamshia watoto. Mimi mwenyewe niliahidiwa kuvunjwa miguu tangu nilipoanza kutambaa, na hadi leo natembea nayo yote miwili. Mama yangu aliniahidi kunimeza mzima na hakuwahi kunionja. Kama kila ahadi ya mzazi ingetimizwa, shule yako ingekuwa na viti vya magurudumu peke yake, na hicho kiwanja cha mpira mngelima mboga.

Halafu, nimejaribu kuacha. Usiseme sikujaribu. Asubuhi ya jana nilimwamsha binti yangu kwa maneno haya: "Mwanangu mpenzi, ningependa kama ungevaa viatu." Alinyanyuka, akanitazama, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Akaenda kumwamsha bibi yake. "Bibi, Mama anaumwa." Bibi akaja na khanga mabegani, akauliza kama kuna habari mbaya kutoka kwa baba wa mtoto, ambaye ni dereva wa lori na yuko safarini. Nikasema hakuna, mimi ni mpole tu. Bibi akakaa chini, akasema, "Sema ukweli, mkwe, sisi ni watu wazima." Mpaka nimalize kuwahakikishia kwamba hakuna aliyefariki, mtoto akawa amechelewa shuleni, na wewe ukamwandikia "achunge muda". Muda ule, Mwalimu, uliliwa na upole wangu. Ningempigia kelele angefika kabla ya kengele.

Naongeza kwamba umeninyang'anya silaha bila kunipa nyingine. Askari akinyang'anywa bunduki hupewa angalau filimbi. Mimi nimebaki na "ningependa kama ungevaa viatu".

Na ikiwa maneno ni ukatili, basi tuwe wa kweli tukamate wote. Akamatwe jirani anayemwambia mwanawe "nitakutandika mpaka ukumbuke ulikotoka". Akamatwe na anayeuza mkaa, naye nimemsikia. Na wewe mwenyewe, samahani, binti yangu aliniambia uliwahi kulitangazia darasa kwamba utawageuza supu. Sisemi ni ukatili. Nasema tu kwamba supu ni mbali zaidi kuliko kukamuliwa.

6. Amenigomea.

Hili ningeweza kuliacha, ila kama ungelisikia kutoka kwa bibi yake ungelisikia na chumvi.

Nilimwita, nikamweka mbele yangu, nikamwambia kwa upole (ule mpya) aitoe aya ile. Nikamwambia hotuba itakuwa nzuri hata bila yake, atie badala yake mfano wa mjomba, ambaye gemu imemfanya asahau kuoa. Binti yangu aliangalia vidole vya miguu. Hajawahi kunikatalia kitu, Mwalimu. Mtoto huyu hukubali hata mboga asiyoipenda. Akasema, "Basi, sisemi."

Nikauliza, husemi nini? Akasema, "Hotuba. Kama hiyo haipo, sisemi." Akakunja mikono kifuani. Nikafungua mdomo kumwambia nitakalomfanya, nikakumbuka kwamba lolote nitakalosema litapata aya yake. Nikafunga mdomo. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kushindwa vita bila kurusha neno.

Najua maana yake. Najua kwamba tangu aanze shule hajawahi kusimama mbele ya watu, kwamba ukimuuliza swali analijua jibu lakini linamfia kooni, kwamba ulimpa nafasi hii kwa makusudi na wengine walikucheka ulipomtaja. Nakushukuru. Lakini nakuomba unielewe na mimi. Siku ya wazazi watakuja watu ninaowafulia nguo. Watakaa pale na mashati niliyoyapiga pasi mimi, wasikie kwamba dobi wao huahidi watu kuwachuna ngozi. Kesho yake nani ataniletea gauni lake jeupe?

Mtoto akiambiwa na wewe aitoe, ataitoa. Kwake neno lako ni sheria. Langu limekuwa kama mvua juu ya bati, linapiga kelele na watu wanaendelea kulala.

Baada ya hayo, ninayo haya ya kuomba. Chagua lolote, mimi si mgumu.

(a) Mada ibadilishwe iwe "Umuhimu wa Sabuni". Ninaweza kusaidia utafiti bila kuazima kitu kwa mtu.

(b) Ikishindikana, mfano wa nyumbani uchukuliwe nyumba ya pili, ambako nasikia hali inaridhisha.

(c) Ikishindikana, kipaza sauti kikohoe kuanzia aya ya nne hadi mwisho wa aya ya nne. Mjomba wake anaweza kuja kusimamia nyaya.

(d) Ikishindikana, kila mtoto apande jukwaani amtaje mama yake, mmoja baada ya mwingine, pamoja na mama yako wewe ikiwa bado yupo. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Tuaibike wote, tupige vigelegele, twende nyumbani.

(e) Na hayo yote yakikataliwa, basi naiomba wizara, kupitia kwako, ipige marufuku kazi yoyote ya shule inayomtaka mtoto atumie masikio akiwa nyumbani. Macho sawa. Mikono sawa, na kuna nguo za kuanika. Lakini masikio yabaki shuleni, yafungiwe kabatini pamoja na ramani, wayachukue asubuhi.

Natumaini utalishughulikia jambo hili kwa hekima ile ile uliyoitumia kutushawishi wazazi kwamba choo cha shule ni cha muda.

Nifikishie salamu kwa mwalimu mkuu, kwa walimu wote, kwa mlinzi wa geti anayemfungulia binti yangu hata akichelewa, na kwa mama anayewapikia uji, mwambie aproni zake ziko tayari, doa la mafuta limekubali kutoka. Bibi yake anakusalimu sana. Anauliza kama muhula ujao kuna mada nyingine inayohitaji mashine ya mjomba, maana amebakiza ghala moja.

Ni mimi ninayekuheshimu na kukutegemea,

Mama Mteja, dobi

NB: Mwalimu, nimerudi. Nilitoka kutafuta bahasha, na sikuifikia.

Nyuma ya nyumba nilikuwa nimeanika mashuka ya watu kwenye kamba zote. Nikasikia mtu anahutubia. Nilidhani ni redio ya jirani, kwa sababu ilikuwa sauti inayotoka tumboni, yenye vituo, inayosubiri watu watulie. Nikasogea. Ni yeye. Amesimama juu ya beseni langu lililopinduliwa, ameyageukia mashuka kama ndio wazazi, anayanyooshea mkono. "Ndugu wazazi!" Upepo ukipita mashuka yanayumba kidogo, na yeye anangoja yatulie, kama mtu aliyezaliwa jukwaani.

Nilijificha nyuma ya shuka lililolowa, likanigandama usoni, nikaliacha. Mwalimu, tangu nimzae sijawahi kuisikia sauti ile. Sikujua tunayo nyumbani. Alipofika kwenye aya yangu akasita, akachungulia kushoto na kulia kama niko karibu. Akaanza upya, kwa sauti ya juu zaidi. Aliposema anavyopitia ukutani, hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na shuka la mteja likapata chumvi, itabidi nilisuuze.

Bibi akauliza kupitia dirishani, "Nani huyo anahutubia?" Mtoto akajibu, bila kunong'ona, "Ni mimi, Bibi!"

Kwa hiyo usibadilishe mada. Usiguse kipaza sauti, na mjomba wake asisogelee nyaya. Aya isipungue hata nukta. Sina karatasi nyingine na nimechoka kuandika upya, basi isome barua yote hadi hapa halafu ufanye kama sikuileta. Nauli ya aibu nitalipa mwenyewe, na wenye magauni meupe, anayetaka kuniacha aniache.

Nimeendelea na upole leo pia. Viatu vimevaliwa, kwa kuchelewa. Tutazoea.

Nina ombi moja tu lililobaki. Muulize yeye anataka nikae wapi siku hiyo: mbele aweze kuniona, au nyuma asinione. Mimi nitakaa popote atakaposema. Na kama kuna mzazi, au mtoto, au mwalimu yeyote atakayethubutu kumcheka kabla hajafika mwisho, nionyeshe tu amekaa kiti gani. Nita

Nitamwomba anyamaze.